Siku kuu ya taa, kwa wale walio mbali na kwao

Kuna siku kuu moja ambayo wengi huku hawajaiona kwa macho, lakini maana yake inawagusa. Inaitwa Diwali. Ni ya watu wa dini ya Kihindu. Si kila Muhindi ni wa dini hiyo, maana kuna Wahindi Waislamu, Wakristo na Masingasinga. Mwaka 2025 Diwali iliangukia tarehe 20 Oktoba.

Huku Walikale, India inajulikana kwa vitu. Moto za TVS zinazopambana na matope ya barabara zetu ni za kampuni ya kule. Dawa nyingi za famasi zimeandikwa kwamba zimetengenezwa kule. Na kwa miaka mingi, askari wengi wa kofia za buluu waliotumwa Kivu ya Kaskazini walitoka India. Lakini namna watu hao wanavyoketi nyumbani na watoto wao usiku wa siku kuu, hilo halijulikani sana.

Diwali inafanyika nyumbani. Mahekalu yapo, na watu wanakwenda kusali, lakini kazi yenyewe iko mlangoni pa kila familia. Siku kadhaa kabla, nyumba inafagiliwa mpaka pembeni, vyombo vinasuguliwa, kuta zinapakwa rangi kama uwezo upo. Wanawake na wasichana wanachora maua chini, mbele ya mlango, kwa unga wa mchele au unga wa rangi. Jioni, usiku usio na mwezi, vibakuli vidogo vya udongo vinajazwa samli au mafuta, kila kimoja na utambi wa pamba, vinapangwa kwa mstari mlangoni na madirishani. Ndiyo maana ya jina lenyewe: mstari wa taa. Familia inamwomba Lakshmi, mungu wa kike wa baraka na mali, aingie katika nyumba iliyo safi na yenye mwanga. Kisha watoto wanatumwa kwa majirani na sahani za vitu vitamu. Huko Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, majirani hao mara nyingi ni Wakristo na Waislamu, na wanajua siku hiyo ikifika sahani itakuja.

Kwa nini taa? Wahindu wana habari zaidi ya moja, lakini inayosimuliwa sana ni ya Rama, katika kitabu cha kale kinachoitwa Ramayana. Rama alikuwa mwana wa mfalme wa mji wa Ayodhya. Mama yake wa kambo alitaka mtoto wake mwenyewe atawale, na Rama akafukuzwa aishi porini miaka 14, pamoja na mke wake Sita na mdogo wake Lakshmana. Yule mtoto wa mama wa kambo, Bharata, alikataa kukaa kwenye kiti ambacho si chake. Alichukua viatu vya kaka yake akaviweka juu ya kiti cha ufalme, akatunza nchi kwa niaba yake mpaka arudi. Miaka ilipotimia Rama akarudi, na watu wa Ayodhya wakawasha taa kila mlango ili aione njia ya kwao.

Kwa hiyo Diwali, katika habari hiyo, ni siku kuu ya mtu aliyehamishwa na akarudi. Mtu wa Masisi au wa Walikale haihitaji afafanuliwe habari ya namna hiyo.

Kuna mwaka mmoja ambao Wahindu wa jirani zetu Uganda waliuonja uchungu wa habari hiyo. Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba watu wenye asili ya Asia waondoke Uganda ndani ya siku 90. Wengi walizaliwa Kampala, Jinja, Mbale au Masaka. Baba na babu zao walifungua maduka hata katika vijiji vidogo. Waganda wengi walishangilia tangazo hilo, kwa sababu biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa hao wachache, na manung'uniko ya bei na ya dharau yalikuwa ya kweli. Baadaye sukari, chumvi na sabuni zilipokosekana madukani, wengi hawakuwa na furaha tena.

Siku ya mwisho iliwekwa tarehe 8 Novemba. Mwaka huo Diwali ilikuwa Jumapili, tarehe 5 Novemba, siku tatu tu kabla.

Tufikirie hilo polepole. Kwa Wagujarati, ambao walikuwa wengi kati ya wafanyabiashara hao, Diwali ndiyo siku ya kufunga daftari la zamani la duka, na mwaka wao mpya unaanza baada yake. Daftari jipya linaletwa mbele ya Lakshmi na kuombewa kabla ya kuandikwa deni la kwanza. Mwaka 1972 hapakuwa na duka la kuandikia. Wengi walikuwa wameshaondoka, na kila familia iliruhusiwa kutoka na pauni kama 50 tu. Kwenye barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe, askari walisimamisha magari na kupekua mizigo.

Zaidi ya watu 27,000 walipokelewa Uingereza. Maelfu walilazwa katika kambi 16, nyingi zikiwa kambi za zamani za jeshi. Moja ilikuwa Stradishall, mashariki ya nchi hiyo, kwenye baridi ambayo mtoto wa Jinja hakuwahi kuisikia. Aliyetaka kuwasha taa siku ile alipaswa kuiwasha mbele ya mlango ambao si wake.

Swali hilo liko hapa Mubi pia. Watu wa Masisi wamekuwa wakihama mara kwa mara. Machi 2025, M23 walipoingia Walikale, hata waliokuwa wenyeji wakawa wahamaji, na mji ulipoachwa mwanzoni mwa Aprili si wote waliorudi. Mama mmoja kutoka Masisi, anayelala na watoto wanne katika nyumba ya watu waliompokea, alisema mwaka jana hakupika chochote cha pekee siku ya Noeli. Si kwa sababu chakula kilikosekana kabisa. Mwenye nyumba alimpa sombe, mchele na mafuta ya mawese. Alisema siku kuu ni ya watu walio kwao, na akifanya Noeli hapa itakuwa kama amekubali kwamba hapa ndipo kwake. Mtoto wake mdogo aliuliza kama Noeli imefutwa.

Hofu ya mama huyo si ya kijinga. Kuna watu wanaofikiri aliyehama akianza kucheka, basi amesahau shamba lake. Lakini Wahindu wa Uganda wanatoa jibu lingine. Walioendelea kuwasha taa ugenini hawakusahau Kampala. Watoto waliofika wakiwa wadogo walijua mlango wa nyumba yao ulikuwaje, kwa sababu kila Diwali wazazi walisimulia. Siku kuu ndiyo iliyowapa nafasi ya kusimulia.

Mji wa Leicester ni mfano mwingine. Septemba 1972, halmashauri ya mji huo ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, ikiwashauri Waasia hao wasije kwao, kwamba nyumba na shule zimejaa. Wengi walikuja hata hivyo. Tangu miaka ya 1980, taa za Diwali zinawashwa hadharani kwenye barabara ya Belgrave katika mji huohuo, na maelfu ya watu, wakiwemo wasio Wahindu, wanakusanyika kuziangalia.

Na wengine walirudi. Sheria ya kurudisha mali ilipitishwa Uganda mwaka 1982, na baada ya Museveni kuchukua utawala mwaka 1986 aliwaita warudi. Waliorudi walikuta nyumba zao zina watu wengine, na ilibidi waonyeshe karatasi. Wengi hawakurudi kabisa. Leo Diwali inasherehekewa tena Kampala, lakini na watu wachache kuliko waliokuwepo kabla ya 1972.

Tofauti zipo, na zisifichwe. Wao walipanda ndege, watu wa huku wanatembea porini na godoro kichwani. Wao walifukuzwa mara moja, kuna familia za Masisi ambazo hazihesabu tena ni mara ngapi.

Lakini Diwali haidai vitu vingi: mlango uliofagiliwa, mwanga kidogo, kitu kitamu cha kumpelekea jirani, na mtu mzima wa kueleza habari ya kurudi. Noeli inakuja kila mwaka, na Idi kwa Waislamu pia. Familia iliyopokea watu inaweza kumwachia mama mgeni jiko kwa siku moja, apike kama wanavyopika kwao, na yeye awagawie wenyeji. Walio chini ya bashi wasiwashe moto ndani, maana bashi inashika haraka. Taa ya simu inatosha. Na usiku huo watoto waambiwe jina la kijiji, jina la mto, jirani wa kulia na wa kushoto, na mahali karatasi ya parseli ilipohifadhiwa.