Hesabu ya Pumzi

Mapema Aprili 2020, watu walipopigwa marufuku kuingia na kutoka Kilifi kwa sababu ya korona, nilikuwa na wahudumu wa afya wa kujitolea 32 katika vijiji vya Magarini, na mafunzo yao hayajafika nusu. Kafyu ilikuwa inaanza saa moja jioni. Chumba cha zahanati tulichozoea kukutania kilifungwa. Nikaambiwa niwamalizie kwa simu.

Sikuogopa. Mimi mwenyewe ni zao la masomo ya mbali. Nilikuwa muuguzi wa cheti, nikapata stashahada kupitia mpango ulioanzishwa mwaka 2005 na shirika la AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya, ambapo wauguzi walisoma kwa kompyuta bila kuacha vituo vyao vya kazi. Nilikuwa nikitoka zamu ya usiku nakwenda moja kwa moja kukaa mbele ya skrini, macho mekundu, na nilifaulu. Nililosahau ni kwamba masomo yale yalinikuta nimeshashika wagonjwa miaka minane. Mikono yangu ilikuwa inajua. Kompyuta iliniongezea sababu tu.

Darasa letu lilikuwa saa tatu usiku, watu wakishakula na watoto wakishalala. Wenye simu za mtandao niliwarekodia sauti ya dakika mbili tatu kwenye WhatsApp. Wenye simu ndogo za mulika mwizi, na ndio waliokuwa wengi, niliwatumia meseji kisha nikawapigia mmoja mmoja. Mama mmoja wa Marafa alilazimika kutoka nje na kusimama juu ya kichuguu ili anisikie. Nyumbani kwangu nako hali ilikuwa imekaza. Mume wangu alifanya kazi hotelini Watamu, wageni walipokatika hoteli ikafungwa, na mshahara ukaishia hapo. Bando na kadi za simu nilinunua kwa pesa ambayo ingenunua unga. Usiku mmoja mama mkwe alinitumia shilingi 500 kwa M-Pesa, hakuuliza ni za nini. Nilikaa kitandani nikalia.

Baada ya kila somo niliuliza maswali kumi, na majibu yalinipa moyo. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja akivuta pumzi 50 au zaidi kwa dakika, ni dalili ya nimonia, apelekwe kituoni. Wa mwaka mmoja hadi kutimiza miaka mitano, ni 40 au zaidi. Ahesabiwe akiwa ametulia, kifua kikiwa wazi, dakika nzima. Waliyajua yote. Dada mmoja wa upande wa Garashi alipata tisa kati ya kumi, nikamsifu mbele ya kundi zima.

Mwezi wa saba dada huyo aliitwa kumwangalia mtoto wa miezi minane mwenye kikohozi. Alihesabu pumzi 44. Kwa kuwa hazikufika 50, akamwambia mama aendelee kumnyonyesha na kumwangalia. Siku mbili baadaye mtoto alipakiwa kwenye bodaboda kukimbizwa Malindi, kifua kikibonyea ndani kila anapovuta. Aliwekwa kwenye oksijeni siku nne. Namshukuru Mungu alipona.

Dada alinipigia usiku ule ule. Hakusalimia. "Mwalimu, nilihesabu vile ulivyonifundisha. Sasa mimi naiacha kazi hii." Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba anieleze tu, polepole, alivyofanya, kuanzia alipoingia nyumba ile.

Akaeleza. Alikaa mkekani, akamfunua mtoto kifua, akaishika simu yake mkononi. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili. Akaanza kuhesabu. Ilipoandika kumi na tatu, akaacha.

Nikamuuliza, "Ulipoanza, hiyo kumi na mbili ilikuwa ndiyo inaingia, au ilikuwa imeshakaa?"

Kimya kirefu. Kisha akasema, "Mwalimu, nitajuaje?"

Saa ya mulika mwizi ile haikuonyesha sekunde. Pengine alihesabu kwa sekunde arubaini, na pumzi 44 kwa sekunde arubaini ni 66 kwa dakika. Vile vidude vinavyolia dakika ikiisha vilikuwa havijatufikia. Nilimfundisha dakika nzima na akaikariri vizuri kabisa. Sikuwahi kumuuliza hiyo dakika anaipima kwa kitu gani. Nilimwambia wazi kwamba kosa ni langu, na siku iliyofuata nikaliambia kundi zima vivyo hivyo.

Kuanzia hapo maswali kumi niliyaweka kando. Kila mmoja alinipigia akiwa na mtoto karibu, wake au wa jirani, tuhesabu pamoja: yeye kwa sauti, mimi nikiwa na saa yangu ya zamu mkononi. Ilichukua wiki tano. Wengine wanne walikuwa na tatizo lile lile la dakika. Mmoja alihesabu kifua kupanda ni moja na kushuka ni mbili, kwa hiyo kila mtoto kwake alikuwa na nimonia. Mwingine alihesabu juu ya leso kwa sababu mama mtu alikataa mtoto apigwe baridi. Wote hawa walikuwa wamefaulu maswali yangu. Tulikubaliana jambo jepesi: simu iwekwe ubavuni mwa mtoto, jicho lione kifua na saa kwa pamoja, usianze mpaka namba igeuke, na usiache mpaka igeuke tena.

Huwa nasikia ikisemwa kwamba mafunzo ya mbali yanakwamishwa na ukosefu wa simu nzuri. Ni kweli, lakini kwangu wenye simu mbovu ndio walioiva kwanza, kwa sababu wao ilibidi niwapigie na kuwasikiliza. Wenye simu nzuri niliwarushia sauti, wakanijibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa, nami nikaridhika.

Dada wa Garashi hakuacha kazi. Tarehe 25 Septemba 2023 serikali ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, naye alikuwamo: begi, kipimajoto, mashine ya presha, posho, na simu yenye sekunde. Mwezi uliopita nilipita kwake nikamkuta na msichana mgeni kazini, mtoto wa jirani amelala mkekani kati yao. Msichana alihesabu, akainua kichwa na kusema thelathini na nane. Dada hakuuliza amepata ngapi kamili wala hakuniangalia mimi. Alisogeza simu karibu na ubavu wa mtoto, akamuuliza, "Hiyo dakika yako, umeianzia wapi?"