Kukata Bila Kubana

Kazi ya video niliianza na kanda za VHS za harusi, Kariakoo, kwenye chumba chenye deki mbili, televisheni moja na feni iliyopiga kelele kuliko muziki. Mteja akitaka kipindi cha televisheni, tulimrekodia kutoka kwenye antena, chenga na vyote, kisha kadi ya kunasa picha ndani ya kompyuta ikakigeuza kuwa faili. Tulichomkabidhi kilikuwa picha ya picha. Hakulalamika, maana hata sebuleni kwake alitazama chenga hizo hizo.

Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam. Mtaani gumzo lilikuwa bei ya ving'amuzi, na watu walinung'unika hasa. Mimi nilikuwa na furaha yangu ambayo hata nikiieleza hakuna ambaye angenielewa. Kifaa kidogo cha kupokea mawimbi, ukikichomeka kwenye tundu la USB la kompyuta, kilikuwa hakinasi tena picha ya kioo cha televisheni. Kiliandika kwenye diski baiti zile zile zilizorushwa na kituo, hazijaongezwa wala kupunguzwa. Baadhi ya ving'amuzi vya kulipia vilifunga rekodi zao zisifunguke penginepo, na hivyo sikuhangaika navyo. Filamu na mechi pia sikugusa. Kuna wenye mali yao. Wateja wangu walikuwa watu waliotaka kujiona: kwaya, vikundi vya qaswida, wachezaji ngoma, mchungaji aliyehojiwa dakika kumi, familia ambayo mzee wao alizungumza kwenye televisheni mwaka mmoja kabla ya kufariki.

Kwa kuwa rekodi sasa ni matangazo yenyewe, nikajiwekea sharti ambalo wenzangu waliliona la kishamba: hakuna kubana upya kisichohitaji kubanwa. Wengi hufungua rekodi kwenye programu ya kuhariri, wanatoa matangazo ya biashara, wanabonyeza kitufe cha kuhifadhi na kwenda kunywa chai. Wakirudi, kila fremu imefumuliwa na kubanwa upya, hata zile ambazo hakuna aliyezigusa. Nyuso zimelainika kama zimepakwa poda, na nyasi za uwanjani zimegeuka rangi moja ya kijani.

Kukata bila kubana kuna ufundi wake, kwa sababu fremu za televisheni ya dijitali hazilingani. Kwenye ubanaji wa MPEG-2 picha kamili huja takriban kila nusu sekunde. Zilizo katikati hubeba mabadiliko tu: mkono umesogea, mdomo umefunguka. Ukianza kipande chako kwenye fremu ya mabadiliko, hakuna picha ya kuibadilisha, na kioo kinajaa vibonge vya kijivu hadi picha kamili ifike. Kwa hiyo unatafuta picha kamili iliyo karibu na pale mtangazaji anapovuta pumzi, unakata hapo. Kama kituo kimebandika tangazo la sabuni palepale bila kuacha nafasi, unatumia programu inayobana upya zile fremu chache za mpakani tu na kunakili zilizobaki kama zilivyo. VideoReDo ilinifanyia hivyo kwa miaka mingi. Siku hizi zaidi natumia FFmpeg, ambayo Mfaransa Fabrice Bellard aliianzisha mwaka 2000. Haina vitufe; unaandika amri, na neno "copy" ndani ya amri hiyo ndilo linalouambia mkasi usiguse picha.

Lakini kabla ya kukata chochote lazima uisafishe rekodi, na hapa ndipo fundi na mbabaishaji wanapoachana. Mkondo wa televisheni umegawanywa katika pakiti za baiti 188, na kila pakiti huanza na baiti moja isiyobadilika: 47 kwa hesabu ya heksadesimali, ambayo kwa herufi ni G. Fungua rekodi nzima na programu inayoonyesha baiti, panga mistari kwa 188, na utaona G zimesimama wima kutoka juu hadi chini. Fungua iliyorekodiwa kwa dishi mvua ya masika ikipiga, na safu inapinda au G zinatoweka. Nimekaa saa nyingi nikitazama safu hizo. Mke wangu aliwahi kuuliza kama hiyo ndiyo sinema niliyosema nina haraka nayo.

Pakiti zikipotea, picha huvunjika kidogo na kupona. Sauti ndiyo hulipa kisasi. Alikuja mama mmoja wa kwaya na DVD aliyochomewa kwingine, akanionyesha akiwa amesimama, hataki hata kiti.

"Fundi, angalia. Sauti imeshanyamaza, mwalimu wetu bado anaimba."

"Shikamoo mama. Mwanzoni inakuwa sawa?"

"Marahaba. Wimbo wa kwanza sawa. Wa tatu ndio vituko."

Jibu lake lilinitosha. Ingekuwa mbaya kwa kiasi kile kile tangu mwanzo, ni kusogeza sauti mara moja basi. Inapozidi kadiri muda unavyokwenda, ujue kuna pakiti zilizopotea njiani, na aliyetenganisha sauti na picha ameziunganisha tena bila kusoma muda wake. Ndani ya mkondo kila picha na kila kipande cha sauti kina alama ya muda, inayohesabiwa mara 90,000 kwa sekunde. ProjectX, programu ya bure iliyoandikwa kwa Java, huzisoma alama hizo, na palipo na pengo la sauti huweka ukimya wa urefu unaotakiwa. Bahati nzuri mama yule alikuwa na rekodi ya asili kwenye flashi. Alama zenyewe zina kichekesho chake: hesabu hujaa na kurudi sifuri kila baada ya saa 26 na nusu hivi, kwa hiyo kipindi cha nusu saa kilichoangukia hapo kinaweza kukuambia kina urefu wa siku nzima.

Kugeuza ilikuwa biashara nyingine, na ndiyo iliyolipa kodi ya pango. Watu walitaka video iingie kwenye simu, na simu za wakati ule zilipenda 3GP ya 176 kwa 144. Ndani ya fremu moja ya televisheni ya 720 kwa 576 unazipanga picha kama hizo 16, kwa hiyo mnajua nilitupa nini. Ngoma ilikuwa na balaa lake: televisheni ya kawaida hurusha nusu-picha 50 kwa sekunde, mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu, na kwenye kompyuta mikono ya wachezaji hutoka meno-meno. Wengi huunganisha nusu mbili na kubaki na picha 25. Mimi huitengeneza kila nusu iwe picha nzima, zibaki 50, maana mchezaji wa ngoma ukimpunguzia mwendo umempunguzia ngoma.

Bei hazikuwa na haki. Kukata bila kubana kunahitaji ujuzi lakini kompyuta humaliza kwa dakika chache, na mteja anayeona dakika chache halipi vizuri. Kubana huchukua usiku mzima na hakuhitaji akili. Kwa hiyo hulipwa.

Kila nilichorekodi nilibaki na nakala yake ya asili. Machi 2014, Jaji Joseph Warioba alipowasilisha rasimu ya katiba kwenye Bunge Maalum mjini Dodoma, niliacha kompyuta ikirekodi tangu mwanzo hadi mwisho, bila mteja yeyote. Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitaendelea kurusha moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, sababu ikiwa gharama. Baada ya hapo waliokuja kuniulizia vikao vya zamani wakaongezeka, na mmoja wao, mwanafunzi wa sheria, alihitaji dakika chache tu za siku ile ya Warioba. Alikuwa na nakala ya simu ambayo maandishi ya chini ya kioo hayasomeki. Kwenye yangu yanasomeka, hata yale yanayopita mbio.

Mpwa wangu, ambaye sasa ndiye anayeendesha duka, anasema nimejaza kabati kwa ukaidi. Kwa ubanaji wa H.265, anasema, tungeokoa zaidi ya nusu ya nafasi na hakuna jicho litakalotofautisha. Kuhusu jicho huenda ana haki. Nimemruhusu abane mahojiano na taarifa za habari, baada ya kuzisafisha kwanza. Ngoma, kwaya na Bunge nimemkatalia, na diski za kuhamishia hizo tumekwisha kuagiza.