Tulipokuwa na Rufani Moja

Enzi zile, hukumu ya rufani iliyotolewa Nairobi ilisikika Mwanza na Jinja. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikuwa ikizunguka, leo Kampala, kesho Dar es Salaam, na majaji wale wale wakisikiliza rufani za Kenya, Uganda na Tanzania. Mimi niliikuta siku zake za mwisho, nikiwa karani kijana kwa wakili mmoja wa Arusha. Kazi yangu ilikuwa kupanga juzuu za ripoti za kesi, zile zenye herufi E.A. mgongoni. Wakili alizifungua bila kujali kesi ilianzia upande gani wa mpaka wa Namanga.

Sikatai kwamba umoja ule ulikuwa wa Mwingereza. Kenya ilipokea sheria zake kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, Uganda 11 Agosti 1902, Tanganyika 22 Julai 1920. Lakini tulikuwa tumeanza kuufanya wetu. Mwaka 1970, katika kesi ya Dodhia dhidi ya National and Grindlays Bank, majaji walisema mahakama ya mwisho inaweza kuachana na maamuzi yake ya zamani panapostahili. Kesi ya Giella ya mwaka 1973, kuhusu zuio la muda, hadi leo mawakili wa Kenya wanaitaja.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na mahakama ikaenda nayo. Kenya ikaanzisha yake mwaka huo huo, Tanzania mwaka 1979. Tukabaki na sheria za Mwingereza, tukapoteza chombo kilichozifanya zituunganishe.

Leo tuna Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, hapa hapa Arusha, tangu 2001. Kazi yake kubwa ni kutafsiri Mkataba wa Jumuiya iliyofufuliwa. Si mahali pa kukatia rufani ya deni la kawaida. Lakini Ibara ya 32 ya Mkataba huo inairuhusu kuamua migogoro ya kibiashara, wahusika wakikubaliana hivyo katika mkataba wao. Na Jumuiya sasa ina Kongo, iliyojiunga 2022 na sheria zake za asili ya Kibelgiji, kwa hiyo chombo cha kutuunganisha kinahitajika kuliko zamani.

Majuzi nilionyeshwa mkataba wa mkopo wa biashara ya samaki kati ya kampuni ya Mombasa na ya Mwanza. Sheria: ya Uingereza. Mgogoro: uamuliwe London. Ibara ya 32 haikutajwa popote, na anayedai atalazimika kuwalipa mawakili wa ng'ambo kwa fedha iliyotokana na samaki wa Ziwa Victoria.