Siyu: Nasaba Iliyobaki Vifuani

Kutoka Lamu tulipanda mashua hadi kisiwa cha Pate, tukafika Siyu, mji uliosifika zamani kwa wanazuoni na wanakili wa misahafu. Tulikuwa tukiitafuta nasaba ya babu yetu mzaa baba. Makaburini chokaa imemomonyoka, na maandishi mengi hayasomeki tena. Karatasi ya ukoo tuliyoonyeshwa ilikuwa na majina ya wanaume saba, mwana kwa baba; la mwanamke halikuwamo hata moja.

Ndipo tukapelekwa kwa bibi mmoja mkongwe. Akiwa ameketi mkekani, alitutajia mama za wale wanne wa karibu, nyumba walizotoka, na nani alimnyonyesha nani. Hilo la mwisho si jambo dogo: undugu wa kunyonya huharamisha ndoa, nalo halikuandikwa popote.

Dini yetu imetuhimiza tuzijue nasaba ili tuunge udugu, si ili tujifaharishe. Ndugu wasomaji, kaeni na wazee wenu, kalamu mkononi, maadamu wangali hai.

Tulipomuaga, bibi alituuliza, "Mbona mmechelewa hivi, wanangu?" Hatukuwa na jibu.