Flashi ya giga 64 iliyomeza sauti ya mama

Wengi mmeniuliza kwa nini simulizi ya kituo cha treni niliyowaahidi haijapita redioni. Kosa ni langu.

Nilinunua flashi sokoni, imeandikwa giga 64. Flashi za uongo tunazijua, kwa hiyo niliijaribu kwanza. Nikanakili nyimbo mpaka ikajaa; majina yote yakaonekana, nikacheza mbili tatu za mwanzo. Kijana mmoja anayetengeneza kompyuta akaongeza jaribio lake: akaijaza sifuri tupu, akaisoma, zikarudi sifuri tupu. Tukasema ni nzima.

Baada ya kuweka kazi nyingine nyingi humo, nikaweka mazungumzo ya saa mbili na mama mmoja aliyefukuzwa Kolwezi mwaka 1993, wakati familia za Wakasai zilipolala kituoni zikingoja treni. Kinasa sauti kilikuwa kimejaa, nikafuta. Siku ya kuhariri, jina la faili lipo, ukubwa wake upo, ndani hamna kitu.

Flashi ile ilikuwa na giga 8 tu za kweli. Orodha ya majina hukaa mwanzoni, ndiyo maana ilionekana salama. Ukivuka giga 8, inapokea unachoandika na kukitupa, na ukiomba kukisoma inakupa sifuri. Sisi tulikuwa tumeiuliza sifuri! Mwongo anayejibu kila swali kwa neno moja, ukimuuliza lile ambalo jibu lake ni neno hilohilo, utamwona mkweli.

Basi kinachoandikwa kwenye jaribio lazima kitofautiane kila mahali, kiwe kama bahati nasibu. Lakini bahati nasibu yenyewe haitoshi, kwa sababu utakagua na nini? Ungehitaji nakala ya giga 64 pembeni. Programu F3 ya Michel Machado inatatua hilo kwa mbegu. Inachukua namba moja, na kutoka hapo inahesabu mfululizo wa namba zinazoonekana kutokea ovyo. Mbegu ileile huzaa mfululizo uleule. Kila kipande cha flashi kinapata mbegu kutokana na mahali kilipo, kwa hiyo hata flashi ikikurudishia data ya mahali pengine, inakamatwa. Wakati wa kusoma, programu inahesabu upya na kulinganisha. Yangu ilionyesha giga saba na kidogo nzima, zilizobaki zimepotea.

Wachimbaji watanielewa haraka. Pale Musompo hupendi mnunuzi ajichagulie jiwe la kupima. Unataka litoke popote ndani ya mfuko. Lakini jiwe lilelile likipimwa mara mbili, teneur isibadilike.

Hata kasi inapimwa hivyo. Diski nyingine hubana sifuri zikaonekana zina mbio kuliko zilivyo. Na ukilinganisha mbili, zipe kazi ileile kwa mpangilio uleule. Programu fio ya Jens Axboe huanza na mbegu ileile kila mara, usipoiagiza vingine.

Ninyi mnaobeba picha za ndoa na vyeti vya watoto ndani ya flashi moja shingoni: jaribuni ikiwa bado tupu. Ikiwa ni ya uongo, jaribio lenyewe linaweza kufuta kilichomo.

Nilirudi kwa yule mama na sukari na sabuni, nikamweleza. Alinyamaza muda. Kisha akasema, "Mwanangu, ile siku nilisema yote. Leo nitasema ile naweza."

Alisema dakika arobaini. Zitapita Jumapili baada ya habari. Mara ya kwanza alitaja jina la mtoto wake aliyezikwa karibu na reli. Safari hii hakulitaja, nami sikuuliza.