Walibeba Harusi Nzima Kwenye Trela, Tairi Zikasema Ukweli

Kuna couple moja ya Kibongo inayoishi Dallas, Texas. Majina hayatatajwa, ila wanaowafuata Instagram watawajua kabla hawajafika katikati ya stori hii. Mwaka jana mwezi wa 6 walipost picha wamesimama mbele ya RV, ile gari kubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani, nyuma wamefunga trela jeupe. Caption ilikuwa fupi tu: mdogo wetu, Phoenix tunakuja. Watu wakamwaga makopakopa. "Mungu awatunze." "Couple goals." Ya kawaida.

Siku iliyofuata wakapost wakiwa Cadillac Ranch, nje kidogo ya Amarillo, pale kwenye magari 10 ya Cadillac yaliyofukiwa ardhini pua chini tangu mwaka 1974, kila mgeni anapita na kopo lake la rangi anapulizia. Mke anacheka, mume anaandika jina la bibi harusi kwa rangi ya pinki. Baada ya hapo, kimya. Siku nzima hakuna story, hakuna post. Kwenye group la ukoo watu wakaanza: wamegombana, wamekamatwa, wameishiwa mafuta. Kilichotokea hakikuwa kimojawapo.

Kwanza, kwa nini trela? Bibi harusi ni mdogo wake mke, na send-off ilikuwa Jumamosi. Mama yao yuko Moshi, miguu hairuhusu safari ndefu, hivyo dada mkubwa ndiye alitakiwa kukaa kiti cha mama na kumkabidhi mdogo wake mbele ya watu. Si jambo dogo. Usipofika, hakuna wa kukaa pale.

Na Mbongo akisikia unaenda mahali na gari kubwa, kila mtu ana kamzigo kadogo. Masufuria ya pilau yalitoka kwa mama mmoja wa kanisani. Spika na jenereta zikatoka kwa jamaa wa muziki. Viti, mapambo, makatoni ya vinywaji, sare za vitenge za akina mama 30, vyote vikaingia. Mke alikuwa na daftari, anaandika kila kinachopakiwa na mwenyewe. Daftari lilipofika ukurasa wa tatu alimuuliza mumewe, "Mume wangu, hili trela linabeba kiasi gani?" Akajibiwa, "Mama, hilo ni trela la ekseli mbili. Usihofu."

Ekseli mbili ni kweli. Ila trela la aina hiyo lenye ekseli za pauni 3,500 kila moja mwisho wake ni pauni 7,000, yaani kama kilo 3,175, na hapo unahesabu mzigo pamoja na trela lenyewe. Hawakupima. Trela lilikuwa la kuazima, limekaa miaka kwenye uwanja wa nyumba ya rafiki, linapigwa na jua la Texas. Tairi zake kwa macho zilikuwa safi kabisa, meno yote yapo, hakuna kipara hata kimoja. Mume akajaza upepo psi 35, kama anavyojaza gari lake dogo.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Tairi ya trela haifi kwa kuisha meno kama ya gari unaloendea kazini kila siku. Inakaa imesimama miezi, jua linakausha mpira, ndani kunaanza kuachana taratibu, na wewe nje unaona tairi mpya. Halafu inataka upepo mwingi. Zile zao zilikuwa zimeandikwa ubavuni psi 50, na hicho ndicho kipimo cha kubebea mzigo wote, tena upime asubuhi tairi ikiwa ya baridi. Ukiweka 35 ukaipakia, inajikunja kila inapozunguka, inapata joto, na joto ndilo linaloua tairi.

Ya kwanza iliondoka Jumatano jioni, wakiwa wameshavuka mpaka wa New Mexico wakielekea Tucumcari. Hawakusikia kitu. Kwenye trela la tairi nne, moja ikichanika ya jirani yake inabeba, na ukiwa mbele kwenye RV, muziki juu, AC inavuma, huwezi kujua. Aliyewaambia ni dereva wa lori. Aliwapita akipiga honi na kunyoosha kidole nyuma.

Waliposimama, ngozi ya tairi ilikuwa imebanduka yote na imepiga madigadi mpaka ikakunjika. Mume, kwa mazoea ya barabara ya Morogoro, akaanza kutafuta majani ya kuweka barabarani. Kule ni nyika tupu. Mti wa karibu ungehitaji safari yake peke yake. Mke akacheka hadi akakaa chini, kisha akatoa vibao vya pembetatu vyekundu kwenye buti. Wakafunga spea. Kitu cha nusu saa. Story ya kuchekesha hiyo, na mke alikuwa ameshairekodi, alikuwa anasubiri mtandao tu ili aipost.

Walilala Tucumcari. Asubuhi mke akasema wakifika Albuquerque wanunue spea nyingine, na kama kuna mizani wapime. Mume akasema watachelewa, Ijumaa asubuhi walitakiwa wawe Grand Canyon kwa ajili ya picha. Mke akanyamaza. Wanaume, kimya cha namna ile si kukubali, na wake zenu wameshawaambia.

Ya pili ilipasuka Alhamisi mchana, baada ya Grants kabla ya Gallup, karibu na pale I-40 inapovuka mgongo wa bara, ambapo maji ya mvua ya upande mmoja huelekea Pasifiki na ya upande mwingine huelekea Atlantiki. Safari hii walisikia. Ilikuwa ile tairi jirani, iliyobeba mzigo wa mwenzake siku iliyopita bila kulalamika. Mafundi wote wanajua: kwenye trela la ekseli mbili, moja ikipasuka, iliyo upande huo huo nayo imeshaumia hata kama haionyeshi. Wao hawakujua. Na spea ilikuwa imeshatumika.

Sasa fikiria. Ukilifungua trela ukaliacha pembeni mwa haiwei ili ukatafute tairi na RV, unaacha sare, masufuria na spika za watu. Ukibaki, malori yanapita yanatikisa gari zima kama kibiriti. Wakakaa nje, ng'ambo ya kizuizi cha chuma, kwenye jua, wakisubiri fundi wa kuja na gari. Saa tatu nzima.

Fundi alipofika alikuwa mzee wa makamo, mpole, si mtu wa maneno mengi. Kabla ya kugusa jeki alizunguka trela, akainama, akafuta vumbi kwenye ubavu wa tairi na kuwaonyesha namba. Mwishoni iliandikwa 3815. Akawaeleza: wiki ya 38 ya mwaka 2015. Ndiyo tarehe ya kuzaliwa ya tairi, iko kwenye kila tairi, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha. Zote nne zilikuwa ndugu. Kisha akatazama springi zilivyolala, akauliza swali moja tu.

"Ndani kuna nini?"

Mke akafungua daftari, akaanza kusoma. Masufuria. Viti. Spika. Fundi anatikisa kichwa, haamini. Vitu hivyo haviwezi kulaza springi namna ile. Mke akamgeukia mumewe. Mume alikuwa anaangalia milima.

Ikabidi aseme. Mbele kabisa, nyuma ya viti, chini ya turubai, kulikuwa na injini ya pickup pamoja na giaboksi yake. Pembeni makatoni ya vigae vya sakafu. Na friza. Vya jamaa watatu wa Phoenix, walivyopakia saa 6 usiku mke akiwa amelala. Walimlipa dola 900.

"Za nini?" mke akauliza.

Za mchango. Miezi 3 nyuma, kwenye group la kamati, watu walikuwa wanatoa ahadi. Huyu 500, yule 800. Shemeji mtu mzima, mume wa dada mkubwa, angeandika nini? Akaandika 2,000. Watu wakapiga makofi ya emoji, mke akiwa kazini akaona, akajisikia fahari. Wiki mbili baadaye ghala analofanyia kazi likapunguza shifti. Hakusema. Aliona aibu kumwambia mke, na aibu kubwa zaidi kurudi kwenye group lenye watu 140 na kuandika kwamba ile 2,000 haipo. Kubeba injini ya mtu mpaka Arizona ilikuwa rahisi kuliko kuandika sentensi moja.

Mke hakupiga kelele. Alichosema kilikuwa, "Kwa hiyo mimi nilikuwa naandika daftari la uongo." Kisha akaingia ndani ya RV akafunga mlango. Fundi akajifanya hajasikia lugha asiyoielewa, akafunga tairi ya muda, akawasindikiza taratibu hadi Gallup.

Kule wakanunua tairi nne mpya, zikajazwa psi 50. Asubuhi wakapita kwenye mizani ya kituo cha malori. Risiti ikatoka: ekseli za trela pauni 8,200. Zimezidi kwa pauni 1,200, kama kilo 545. Barabara zetu za nyumbani zina mizani kwa malori, pale Vigwaza kila dereva anaijua, na kila mmoja anailalamikia. Kwa trela la familia hakuna anayekulazimisha. Unaamua mwenyewe kujua au kutojua.

Injini, giaboksi, vigae na friza vikaingia kwenye stoo ya kukodi hapo hapo Gallup. Mume akawapigia wenye mali, mmoja akamtukana, wawili wakaelewa. Pesa ikabidi irudishwe. Na hapo ikabaki ile 2,000.

Mke ndiye aliyeshika simu. Hakumwandikia mdogo wake pembeni, aliandika palepale kwenye group ambapo ahadi ilitolewa: ahadi yetu tunaishusha hadi 700, hali imebadilika, samahanini. Mume alikuwa amekaa kwenye ngazi ya RV ameinamisha kichwa, anasubiri aibu imwangukie. Mwenyekiti wa kamati akajibu maneno mawili. "Sawa dada." Basi. Ndani ya saa moja, watu watatu wengine wakashusha ahadi zao. Mmoja alikuwa ameahidi 1,500. Inaonekana group zima lilikuwa linasubiri mtu wa kwanza.

Grand Canyon wakaipita. Kibao cha kukunja kulia walikiona, mke akasema, "Tutarudi," mume akasema, "Tutarudi," na hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza ya kawaida tangu jana yake. Walibahatika pia. Arizona, ukiondoa eneo la Wanavajo, haibadili saa wakati wa kiangazi, hivyo walipovuka mpaka simu zilirudi nyuma saa nzima. Saa ya bure, siku ambayo waliihitaji kuliko pesa.

Kutoka Flagstaff, uko juu mita kama 2,100, I-17 inashuka hadi Phoenix, chini karibu mita 1,700 zaidi, kwenye joto linalotosha kukaanga yai. Walishuka kwa gia ndogo, maili 55 kwa saa, malori yakiwapita. Kila waliposimama mume alishuka kusogeza kiganja karibu na kila gurudumu kusikiliza joto, na kukaza nati, maana nati za gurudumu lililofungwa upya hulegea mwanzoni. Mke akawa anaandika. Kushoto mbele, sawa. Kushoto nyuma, sawa. Ukurasa mpya.

Waliingia Ijumaa usiku. Jumamosi pilau liliiva kwenye masufuria yale yale, sare zikavaliwa, na dada mkubwa alikaa kiti cha mama. Wakati wa zawadi MC alitaja mchango wa kila familia kwa sauti kubwa, kama ma-MC wetu wanavyopenda. Walipotajwa wao, 700, watu wakapiga makofi kama waliyompigia wa 800. Hakuna aliyegeuka kutazama. Mume aliangalia meza zote, kweli hakuna.

Picha za send-off mmeziona, zilienda sana. Ile video ya majani barabarani haijawahi kupostiwa. Mke anasema akiipost watu watacheka, na yeye ile sehemu bado haimchekeshi yote.

Wakati wa kurudi walipima kabla ya kuondoka: pauni 5,900. Kisha wakapita Gallup, wakatazama stoo kupitia dirishani, na hawakusimama. Injini ya mtu ilikuwa bado iko mle ndani. Mwenyewe ataifuata.

Haya, sasa zamu yenu. Ahadi ya mchango uliyoiandika kwenye group ukijua huna, uliimalizaje? Na wewe mke wa mtu, ungelala RV au ungepanda basi kurudi Dallas?