Siku Programu Yangu Ilipoinua Foklifti

Najua nimekuwa kimya. Mwezi uliopita nilikuwa Mombasa, katika godauni moja pale Shimanzi, nikiweka programu niliyoandika ya kuwagawia madereva wa foklifti kazi. Shahada ya sayansi ya tarakilishi ninayo, lakini foklifti nilikuwa nimeiona kwa mbali tu.

Programu yenyewe ilikuwa rahisi. Kila mzigo una uzito, kila mashine ina uwezo. Uzito ukiwa chini ya uwezo, skrini ya dereva inawaka kijani. Nilijaribu kila namna, hakuna hitilafu hata moja.

Siku ya tatu likaja kasha la mbao lenye mtambo ndani: kilo 2,300, urefu mita 1.8. Foklifti ilikuwa ya kilo 2,500. Kijani. Njia ilikuwa nyembamba, kwa hivyo dereva, kijana mgeni kazini, akalichukua kwa upande wa ncha. Akaliinua kidogo, akarudi nyuma kwa pupa, na magurudumu ya nyuma yakaachana na sakafu. Mpakizi mmoja alikuwa amesimama mbele akimwelekeza. Kasha lilipiga sakafu hatua moja tu kutoka miguuni mwake. Hakuna aliyeumia. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na kipakatalishi changu, na mikono ikaanza kutetemeka.

Dereva mkongwe wa pale akaja polepole. "Mwanangu, hiyo kompyuta yako imeuliza mzigo unakaa wapi juu ya uma?"

"Hapana, mzee."

Akanipeleka kwenye kibao cha chuma kilichobandikwa kwenye mashine. Kilo 2,500, ndiyo, lakini kwa mzigo ambao kitovu cha uzito wake kiko sentimita 50 kutoka mwanzo wa uma. Foklifti ni kama mizani: magurudumu ya mbele ndiyo egemeo, mzigo upande mmoja, chuma kizito cha nyuma upande wa pili. Kutoka ekseli ya mbele hadi mwanzo wa uma tulipima sentimita 45. Basi 2,500 mara 95 ni 237,500. Kasha letu kitovu chake kilikuwa sentimita 90, jumla 135. Gawanya: kama kilo 1,760. Tulikuwa tumezidisha zaidi ya kilo 500, na skrini yangu inasema kijani! (Hesabu hii ni ya kukadiria. Mzigo ukipandishwa juu uwezo hupungua zaidi, na neno la mwisho ni la kibao.)

Jioni hiyo mzee alinifundisha mengi kuliko muhula mzima wa chuo. Tembea na uma chini, kama shibiri moja kutoka sakafuni, mlingoti ukilala nyuma kidogo. Kwenye mteremko mzigo hukaa upande wa juu, kwa hivyo ukishuka nao unashuka kinyumenyume. Usukani huzungusha magurudumu ya nyuma, na mkia hufagia aliye karibu. Mtu asisimame mbele ya mzigo wala chini yake. Na foklifti ikianza kulala ubavu, usiruke: mkanda ufungwe, shika usukani, kanyaga sana, egemea upande wa pili. Wanaoruka ndio hulaliwa na paa la mashine.

Nimeongeza safu tatu katika hifadhidata: urefu, upande wa kuchukulia na kimo cha rafu. Vipimo vikikosekana, skrini haitoi kijani kamwe, inamwambia dereva akapime. Meneja alilalamika kwamba kazi itachelewa. Nilimwonyesha shimo ambalo kasha lilichimba kwenye sakafu, akanyamaza.

Toleo jipya linaanza Jumatatu. Yule mpakizi bado yuko kazini, lakini foklifti ikiwaka anavuka upande wa pili wa godauni, na mzee amesema siku ya kwanza ataendesha yeye, tena kwa paleti za sabuni.